Tiketi Mbili, Msafiri Mmoja: Nani Hubeba Hasara ya Katikati?

Simu iliingia saa nne na robo usiku. Mpigaji alikuwa mhadhiri msaidizi wa idara yetu, binti niliyemfundisha tangu shahada ya kwanza, na ambaye kwa hesabu zangu alipaswa wakati ule kuwa angani akielekea Accra. "Shikamoo Dokta. Samahani kwa kukupigia usiku huu." Niliitikia marahaba huku moyo ukinidunda, maana mtu aliye angani hapigi simu. "Bado niko Nairobi," akasema. "Ndege imeniacha, na hapa kila ninayemuuliza ananiambia shida yangu haimhusu."

Kauli hiyo ya mwisho imekaa nami tangu mwaka juzi. Nimeamua kuiandikia leo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wenu mnaonisoma hapa, wanafunzi mnaofadhiliwa kwenda makongamano, wanaharakati mnaoalikwa kwenye mikutano ya kikanda na watumishi wa umma mnaosafiri kikazi, mtasafiri siku moja kwa namna aliyosafiri yeye, pengine bila kujua. Ya pili ni kwamba fomu iliyoidhinisha safari ile ina sahihi yangu.

Safari ilivyopangwa

Lilikuwa kongamano la kitaaluma la siku tatu. Mwenzetu alikuwa na makala ya kuwasilisha siku ya kwanza, ya kwanza maishani mwake nje ya nchi. Idara ilipeleka maombi, na afisa ununuzi akakusanya ankara kifani tatu kutoka kwa mawakala watatu kama utaratibu unavyotaka. Mbili zilikuwa za tiketi moja kutoka Dar es Salaam hadi Accra. Ya tatu ilikuwa nafuu kwa shilingi 640,000. Ilikuwa na jambo dogo ambalo hakuna aliyelitazama mara mbili, mimi nikiwa wa kwanza: ndani yake mlikuwa na tiketi mbili. Shirika moja lingempeleka Nairobi na kumrudisha. Shirika jingine, lisilo na uhusiano wowote na lile la kwanza, lingemchukua Nairobi, limfikishe Accra na kumrudisha Nairobi. Katikati palikuwa na saa tatu kamili. Saa tatu, nilijiambia, ni muda mwingi. Nikaweka sahihi.

Ndege ya kwanza ilipaswa kuondoka Dar es Salaam saa 11:00 jioni na kutua Nairobi saa 12:20. Iliondoka ikiwa imechelewa kwa saa mbili na dakika kumi. Abiria waligawiwa juisi za pakiti na biskuti, pamoja na tangazo la "sababu za kiufundi". Ilitua saa 2:30 usiku. Ndege ya Accra ilikuwa iondoke saa 3:20, na kaunta ya kuandikisha abiria wake hufungwa saa moja kabla. Kwa hiyo magurudumu yalipogusa ardhi ya Nairobi, kaunta aliyokuwa akiikimbilia ilikuwa imekwisha kufungwa kwa dakika kumi. Yeye hakulijua hilo. Alipita uhamiaji, akalisubiri begi lake kwenye mkanda wa mizigo, akatoka nje, akaingia tena upande wa safari za kuondoka, akapita ukaguzi, akafika kwenye kaunta tupu.

Alirudi kwa shirika la kwanza. Mhudumu alimsikiliza kwa adabu, akaitazama tiketi, akamwambia: "Dada, tiketi yetu ilikuwa ya kukuleta Nairobi, na tumekufikisha." Akaenda kwa shirika la pili. Huko akaelezwa kwamba katika mfumo wao yeye ni abiria ambaye hakutokea, na kwa kuwa hakuitumia sehemu ya kwanza ya tiketi, sehemu ya kurudi nayo imefutwa. Tiketi yote ya Nairobi hadi Accra, kwenda na kurudi, ilikuwa imekufa. Iliyobaki hai ni ile ya kumrudisha Dar es Salaam, ya shirika lilelile lililomchelewesha.

Alilala kwenye kiti cha uwanja wa ndege, begi likiwa chini ya miguu yake. Asubuhi dada yake alikopa kwenye kikoba chao, akamtumia fedha kwa simu. Tiketi mpya iligharimu shilingi 2,150,000. Alifika Accra siku ya tatu mchana, wakati meza ya usajili inakunjwa. Makala yake haikusomwa.

Kilichomo ndani ya tiketi

Wengi wetu huichukulia tiketi ya ndege kama stakabadhi ya kiti. Kisheria tiketi ni mkataba, na swali la kwanza la kuuliza juu ya mkataba wowote ni: nimeahidiwa nini? Mwenye tiketi moja kutoka Dar es Salaam hadi Accra ameahidiwa Accra, hata kama atabadilisha ndege na kupanda mashirika mawili. Mwenye tiketi mbili ameahidiwa Nairobi na mtu mmoja, na Accra na mtu mwingine kwa sharti kwamba ajifikishe Nairobi mwenyewe kwa wakati. Katika ahadi ya kwanza jina la Accra halimo. Katika ya pili, Dar es Salaam haimo. Pengo lililo baina ya ahadi hizo halina mwenyewe isipokuwa abiria.

Nyuma ya tiketi moja kuna kazi kubwa isiyoonekana. Kwa miongo mingi mashirika ya ndege yamejenga utaratibu wa kupokezana abiria, hasa kupitia chama chao cha IATA kilichoundwa Havana mwaka 1945. Shirika moja hukata tiketi inayotambuliwa na jingine. Begi hubandikwa lebo ya mwisho wa safari na kuhamishwa bila mwenyewe kuligusa. Mapato hugawanywa baadaye. Kila uwanja mkubwa una muda wa chini unaokubalika wa kubadilisha ndege, na mifumo ya tiketi huutumia kupanga miunganiko inayouzwa. Ndege ya kwanza ikichelewa, abiria hutafutiwa nafasi katika ndege nyingine bila kutozwa nauli mpya. Mfano wake ni mbio za kupokezana vijiti: wakimbiaji ni wengi, lakini wamekubaliana kwamba kijiti hakiachwi chini.

Mwenye tiketi mbili hana wa kumpokea. Anakuwa yeye mwenyewe mbebaji wa mizigo, mpanga ratiba na bima. Shilingi 640,000 tulizojisifia kuziokoa zilikuwa bei ya kazi hiyo yote. Tuliacha kuinunua, kisha tukamkabidhi binti mmoja aifanye peke yake, usiku, katika nchi ya watu, na hakuna aliyemwambia kwamba amekabidhiwa.

Sheria inasemaje

Je, ile kauli ya "tumekufikisha" ni jibu sahihi kisheria? Si rahisi kama yule mhudumu alivyodhani. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotawala wajibu wa wasafirishaji wa anga katika safari za kimataifa. Ibara ya 19 ya mkataba huo inamwajibisha msafirishaji kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, isipokuwa athibitishe kwamba yeye na watumishi wake walichukua hatua zote zilizostahili ili kuiepusha, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Fidia ina ukomo: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo kwa kila abiria ni vizio 6,303 vya Haki Maalumu za Utoaji Fedha, ile sarafu ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Madai lazima yafunguliwe mahakamani ndani ya miaka miwili. Kumfikisha mtu akiwa amechelewa ni jambo ambalo mkataba umelitaja waziwazi.

Hata hivyo, huo ni mlango mwembamba. Abiria anapaswa kuithibitisha hasara yake kwa nyaraka. Shirika litajitetea kwamba halikuwa na habari za safari ya pili, na kwamba hasara hiyo isingeweza kutarajiwa. Aliyepoteza shilingi milioni mbili atajikuta akikokotoa gharama za wakili na siku za kwenda na kurudi mahakamani, kisha ataamua kusamehe. Mashirika yanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kuna ibara nyingine inayonivutia zaidi. Ibara ya 1, aya ya 3, inasema kwamba safari inayofanywa na wasafirishaji kadhaa wanaofuatana huhesabiwa kuwa safari moja isiyogawanyika endapo wahusika wameichukulia kuwa shughuli moja, iwe imekubaliwa kwa mkataba mmoja au kwa mfululizo wa mikataba. Idadi ya karatasi siyo inayoamua; kinachotazamwa ni namna pande zenyewe zilivyoielewa safari. Sasa tumtazame wakala wetu. Alitupa ankara moja, yenye bei moja ya jumla, yenye kichwa kimoja cha habari: "Dar es Salaam–Accra–Dar es Salaam". Sisi tuliona safari moja na tukalipia safari moja. Wakala alijua kwamba amefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mashirika, kila moja kwa upande wake, lilimwona abiria wake tu. Watatu walioshiriki walielewa mambo matatu tofauti, na aliyelipia tofauti hiyo ni wa nne.

Barani Ulaya swali linalofanana na hili limekwisha kufika mbele ya majaji. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inayowalinda abiria dhidi ya kukataliwa kupanda, kufutwa kwa safari na ucheleweshaji mkubwa. Mwezi Oktoba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua shauri la abiria aliyesafiri kutoka Stuttgart hadi Kansas City kwa ndege za mashirika yasiyokuwa na uhusiano maalumu wa kisheria baina yao. Mahakama ilisema kwamba pale wakala anapoziunganisha ndege hizo, akatoza bei ya jumla na kutoa tiketi moja, safari hiyo ni muunganiko mmoja. Uamuzi huo hauwasaidii wenye tiketi mbili tofauti, wala hauna nguvu kwetu. Lakini namna ya kufikiri ndiyo ninayoitaka: majaji walianza kwa kutazama alichouziwa abiria, ndipo wakaja kwenye mahusiano ya wauzaji wenyewe kwa wenyewe.

Pengo si sawa kwa watu wote

Katika balaa ya usiku ule palikuwa na heri moja: lilitokea Nairobi. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Mwenzetu aliweza kupita uhamiaji, kuchukua begi, kutoka na kuingia tena bila kuulizwa sana. Tuliuhamishe tukio hilohilo Dubai. Begi la mwenye tiketi mbili hutokea upande wa pili wa uhamiaji, na ili kulifuata Mtanzania anahitaji viza aliyoiomba kabla ya safari. Mara nyingi hata hatafika huko kugundua kosa lake. Mhudumu wa Dar es Salaam ataitazama tiketi ya kwanza, ataona kwamba safari inaishia Dubai, atadai viza ya Dubai, na bila hiyo hatampandisha. Ile tiketi ya pili iliyo mfukoni, ya kuendelea mbele, haimhusu mhudumu huyo.

Hali ni hiyo pia katika nchi za Schengen. Mtanzania mwenye tiketi moja anaweza kubadilisha ndege Amsterdam akiwa ndani ya eneo la kimataifa la uwanja, bila viza ya Schengen. Mwenye tiketi mbili na begi la kuchukua lazima avuke mpaka, na kwa hiyo lazima awe na viza kamili. Ndugu yetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ana mzigo mzito zaidi: nchi yake imo katika orodha ya pamoja ya mataifa ambayo raia wake huhitaji viza ya kupitia uwanjani hata wasipovuka mpaka. Marekani nayo ilisitisha mwaka 2003 utaratibu wa kupita bila viza, hivyo hata wa tiketi moja anayepitia huko huhitaji viza yake.

Kijana wa Berlin anayenunua tiketi mbili za bei nafuu mtandaoni anacheza mchezo ambao akishindwa hupoteza fedha na usiku mmoja. Kijana wa Kigoma akiucheza mchezo huohuo anaweza kupoteza safari nzima kabla hajaondoka nyumbani. Mitandao inayouza miunganiko ya namna hii huwaonyesha wote wawili bei moja, na mara nyingi bila kuwauliza wana pasipoti ya nchi gani.

Kwa nini tunaungaunga

Mtu anaweza kuuliza kwa nini safari za Waafrika zihitaji kushonwa viraka. Hapa hatuna budi kurudi nyuma. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways. Mtu wa Mwanza aliyekuwa akisafiri mbali aliweza kupitia Nairobi akiwa mikononi mwa shirika lake mwenyewe. Siandiki haya kwa njozi za kale: shirika lile lilikuwa na hasara na ugomvi wa muda mrefu juu ya madeni na michango, na nauli zake hazikuwa za mnyonge. Lilipovunjika mwaka 1977, mwaka uleule ilipokufa Jumuiya ya kwanza, kila nchi ilibaki kujijengea shirika lake na kulilinda dhidi ya jirani. Tangu hapo viongozi wetu wamezungumza kuhusu umoja wa anga kwa ufasaha mkubwa. Azimio la Yamoussoukro lilipitishwa mwaka 1988, Uamuzi wa Yamoussoukro ukafuata mwaka 1999, na Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua mjini Addis Ababa Soko Moja la Usafiri wa Anga Afrika. Kenya, Rwanda na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa nchi 23 za mwanzo.

Azma hizo kwa sehemu kubwa zinahusu haki za mashirika: nani aruke wapi, mara ngapi, kwa ndege za ukubwa gani. Ni mambo ya lazima. Lakini soko moja ambalo abiria wake hawezi kuvuka kutoka ndege moja hadi nyingine bila kuwa yatima kwa saa tatu ni soko la wauzaji peke yao.

Mpanda farasi wawili

Najua nitakachojibiwa, na majibu mengine yana haki. Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba: aliyenunua tiketi mbili alijitakia. Pia tutaambiwa kwamba kuyalazimisha mashirika yote kupokezana abiria kutapandisha nauli, na mashirika ya bei nafuu, yaliyowawezesha wengi kupanda ndege kwa mara ya kwanza, yatakuwa ya kwanza kuumia. Tena wapo wanaochagua tiketi mbili kwa akili timamu, wakalala usiku mmoja katikati, wakaokoa fedha nyingi. Kwa nini tuwazuie?

Sitaki wazuiwe. Mtu mzima anayejua hatari na kuichukua kwa fedha zake ana haki yake. Hoja yangu inamhusu yule ambaye farasi walichaguliwa na wengine. Mwenzetu hakuchagua. Wakala alichagua kwa ajili ya kamisheni, afisa ununuzi alichagua kwa sababu jedwali la kulinganisha bei lina safu ya bei na halina safu ya hatari, na mimi nilichagua kwa sababu nilikuwa na fomu nyingine 14 za kutia sahihi mchana ule. Watatu sisi tulipanda ngazi ya kuokoa fedha. Aliyeanguka ni aliyekuwa chini yetu wote kwa cheo na kwa mshahara.

Na kuanguka kwake hakukuishia Accra. Aliporudi na kurejesha masurufu, ilizaliwa hoja ya ukaguzi: tiketi ya Nairobi hadi Accra ililipiwa na haikutumika, kwa hiyo mtumishi aeleze, la sivyo akatwe. Ile tiketi mpya aliyoinunua kwa mkopo wa dada yake haikuwa na kibali, kwa hiyo haikuweza kurejeshwa. Kwa lugha ya ofisi, yeye ndiye aliyeitia taasisi hasara. Niliandika dokezo nikakiri kwamba uamuzi ulikuwa wa idara na sahihi ni yangu. Dokezo lilizunguka mezani kwa wiki sita. Mwishowe hoja ilifutwa, lakini zile shilingi 2,150,000 hazikurudi. Nilimwambia nitamlipia nusu kutoka mfukoni mwangu. Alinishukuru, akakataa. "Dokta, ukilipa wewe," akasema, "fomu itabaki vilevile."

Alikuwa ameona kwa uwazi kuliko mkuu wake wa idara. Sheria zetu za ununuzi wa umma hazikuandikwa ili tununue cha bei ya chini kwa lolote lile. Zinazungumzia thamani ya fedha. Thamani ya fedha katika safari ni mtumishi kufika mahali alipotumwa, siku aliyotumwa. Tiketi isiyobeba ahadi hiyo ni bidhaa nyingine kabisa, na kuiweka katika jedwali moja na zile zilizobeba ahadi ni kulinganisha bei ya gari na bei ya gari lisilo na breki.

Yanayowezekana

Sina mapendekezo makubwa. Nina manne, na matatu kati yake hayahitaji mkutano wa wakuu wa nchi.

La kwanza ni kwa taasisi za umma na asasi za kiraia. Ongezeni mstari mmoja katika fomu ya safari: "Je, safari yote imo katika tiketi moja?" Jibu likiwa hapana, anayeidhinisha aandike kwamba taasisi ndiyo itakayobeba gharama ya muunganiko ukivunjika. Ninaamini idadi ya tiketi mbilimbili itapungua siku ileile, kwa kuwa hatari huonekana kubwa ikikaa kwenye meza ya anayetia sahihi.

La pili ni kwa wasimamizi. Tunayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Wakala anayeuza tiketi mbili ndani ya ankara moja alazimishwe kuandika hivyo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kabla ya kupokea fedha: hii ni mikataba miwili, mzigo utauchukua mwenyewe, na ukichelewa huna ndege. Asipoandika, awajibike yeye kwa safari nzima, kwa kuwa ndivyo alivyoiuza.

La tatu ni kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tayari inacho chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, chenye makao yake Entebbe. Nchi zilizoweza kukubaliana juu ya usalama wa ndege haziwezi kushindwa kukubaliana juu ya haki za aliyemo ndani yake. Zianze na kanuni moja ndogo: abiria asiyetokea kwa sababu ndege nyingine ilimchelewesha, na mwenye uthibitisho wa maandishi, asifutiwe tiketi ya kurudi.

La nne ni kwako unayesafiri kesho, ambaye kanuni hizo hazitakusubiri. Kabla ya kupokea tiketi, hesabu namba za uhifadhi. Zikiwa mbili, basi una mikataba miwili. Kama huna budi, lala usiku mmoja katikati, au angalau usiunganishe na ndege ya mwisho ya siku. Safiri na begi la mkononi peke yake na ujiandikishe mapema mtandaoni ikiruhusiwa, kwa kuwa lililomfungia mlango mwenzetu ni kaunta. Uliza viza ya nchi ya katikati kana kwamba ndiyo unayokwenda. Soma bima yako uone kama inatambua miunganiko uliyoipanga mwenyewe, kwa kuwa nyingi huiacha nje. Na ndege ikichelewa, usiondoke uwanjani bila karatasi ya shirika inayotaja muda na sababu. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako kwa miaka miwili.

Mwenzetu sasa yuko masomoni kwa shahada ya uzamivu. Makala yake aliiwasilisha mwaka uliofuata, mahali pengine, baada ya safari ya basi. Mwezi uliopita fomu nyingine iliwekwa mezani kwangu, ya kijana mwingine, safari nyingine, ankara tatu, na iliyo nafuu kuliko zote ikiwa na namba mbili za uhifadhi. Nimeirudisha bila sahihi, nikaandika pembeni: "Nani atabeba hasara ya katikati?" Hadi ninapoandika haya, sijajibiwa.